Kupanga duara la asubuhi katika darasa la awali

Chukua darasa la watoto 60, idadi ambayo walimu wengi wa shule za msingi wanaijua vizuri. Mwalimu anawakalisha chini na kuwaomba watoe habari za nyumbani, kila mmoja nusu dakika. Hesabu yake ni dakika 30. Mtoto wa kwanza atasema nusu dakika, kisha atatakiwa kukaa kimya dakika 29 na nusu akiwasikiliza wenzake 59. Mtoto wa miaka mitano hawezi, na wala si haki kumtaka aweze. Akianza kuchomoa nyuzi za jamvi au kumvuta mwenzake kola, kosa ni la mpango.

Mwongozo huu ni wako mwalimu wa darasa la awali, wa chekechea, wa madrasa yenye watoto wadogo, au wa PP1 na PP2 kama uko Kenya. Yote ninayokushauri yanatoka kwenye jambo moja: unapopanga duara, panga kwanza watoto watafanya nini kwa midomo, mikono na miili yao. Maneno yako wewe yapange mwisho, na uyapunguze. Maandalio mengi ya somo ninayoyaona yameandikwa kinyume chake. Yamejaa "mwalimu ataeleza", "mwalimu ataonyesha", "mwalimu atauliza", na mtoto anatokea mstari wa mwisho "akisikiliza kwa makini".

Nani anamwona nani

Watoto wakikaa kwa safu, wanamwona mwalimu na visogo vya wenzao. Wakikaa duara, kila mmoja anaziona nyuso za wote. Mtoto akisema "mbuzi wetu amezaa", wenzake wanamtazama akisema, naye anaona kama wamefurahi. Hapo ndipo anapojifunza kusubiri zamu, kumjibu aliyetangulia, kuongeza kile mwenzake alichokisahau. Kama maneno yote yanatoka kwako kwenda kwa mtoto na kurudi kwako, umebadilisha ukaaji tu, na somo limebaki lile lile la ubaoni.

Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, aliipa michezo ya duara nafasi kubwa. Mtoto wa kwetu naye huja shuleni akiwa na duara lake tayari. Aliyecheza ukuti uwanjani anajua kushikana mikono, kuzunguka pamoja na wenzake na kuufuata wimbo. Mjini Mombasa, miaka ya 1980, mpango wa shule za awali za madrasa ulioanza kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukiongozwa na Bi Swafiya Said, ulichukua mbinu za HighScope kutoka Michigan, Marekani, ukaziunganisha na nyimbo, hadithi na vifaa vya hapa hapa. Baadaye ukaenea Zanzibar na Uganda. Ninautaja kwa sababu ulionyesha mapema kwamba kazi hii haingoji vifaa vya dukani. Inataka mkeka, kitu cha kushika na mwalimu aliyefikiri jana yake.

Lipime duara kabla ya kuwaita

Mtoto mmoja aliyekunja miguu anahitaji takriban sentimita 45 za mzingo. Watoto 20 wanahitaji mita 9, yaani duara lenye upana wa karibu mita 3 kutoka upande hadi upande. Hilo linaingia kwenye kona ya darasa, na sauti ndogo ya mtoto inafika ng'ambo. Watoto 60 wanahitaji mita 27, na upana unakuwa zaidi ya mita 8 na nusu. Madarasa mengi hayana nafasi hiyo ukishaondoa meza. Hata ukitoka nje chini ya mwembe, mtoto mwenye aibu akisema jambo upande mmoja, wa upande wa pili hatasikia chochote, na asiyesikia hutafuta kazi nyingine ya kufanya.

Kwa hiyo duara kubwa la darasa zima liwe la mambo yanayofanywa na wote kwa pamoja: wimbo, mchezo wa kuruka, hadithi ya kuigiza kwa sauti kubwa. Mazungumzo yahamie kwenye duara dogo. Ukiwa na mwalimu msaidizi, mgawane. Ukiwa peke yako, gawa darasa makundi matatu: kundi moja linakaa nawe, mawili yanabaki kwenye kona za kujifunzia na kazi ambayo hawahitaji kukuita, kama kupanga vizibo kwa rangi, kujenga kwa maboksi, kuchora mchangani. Kila siku kundi jingine linakaa nawe. Mtoto atakaa kwenye duara la mazungumzo mara moja au mbili kwa wiki, na ataongea kweli. Mimi nalichagua hilo kuliko kumkalisha siku tano bila kufungua kinywa.

Kuna njia nyingine inayookoa darasa kubwa, nayo ni kuzungumza wawili wawili. Unauliza swali, halafu unasema, "Mwambie jirani yako." Katika darasa la 60, watoto 30 wanaongea kwa wakati mmoja. Baada ya nusu dakika wanabadilishana, na ndani ya dakika moja kila mtoto ameongea na kila mtoto amesikilizwa. Kelele zitakuwepo, nazo ni kelele za kazi. Wafundishe kwanza nje, wakiwa wamesimama na kutazamana: mmoja ni mdomo, mwingine ni sikio, ukipiga kofi wanabadilishana. Wakishazoea, hutapoteza muda kupanga nani yuko na nani.

Kuhusu mahali penyewe, angalia mambo mawili ambayo wengi huyasahau. Kaa wewe ukitazama mlango au barabara, ili watoto waipe mgongo pikipiki inayopita. Ukiwa nje, jua likupige wewe usoni, lisiwapige wao, maana mtoto anayekunja macho hawezi kukutazama. Na ukae chini kama wao, au kwenye kigoda. Mwalimu aliyesimama katikati ya waliokaa amewageuza wasikilizaji hata kabla hajasema neno.

Muda

Watoto wa miaka mitatu wape dakika tano hadi kumi. Wa minne, kumi hivi. Wa mitano na sita wanaweza kufika 15, na 20 kama kuna kuruka na kuimba ndani yake. Ukiona wanalala chali, wanasukana nywele au wanafungua na kufunga viatu, funga duara hata kama mpango wako haujaisha. Ulichobakiza kesho kipo.

Usiliweke duara dakika ya kwanza ya siku. Kuna watoto wanaotembea mbali, na kila anayechelewa ataingia na kulivunja. Anza na michezo huru ya kona, wapokee mmoja mmoja, halafu waite wakishatimia. Na ikiwa shule yako hutoa uji saa nne, ujue kuwa wapo waliotoka nyumbani bila kitu tumboni. Kwa darasa la namna hiyo duara la saa mbili liwe fupi na lenye mwendo, na mazungumzo marefu yasubiri baada ya uji.

Nazi chini ya kanga

Sasa tuingie ndani ya duara moja. Umewaita kwa wimbo. Chagua wimbo mmoja wa kuita na usiubadilishe muhula mzima, ili mtoto aliye kwenye kona ausikie na miguu yake ianze kuja. Usipige kelele za "haya, njooni, kaeni, nimesema kaeni". Anza kuimba na wawili waliokwisha kufika. Wengine watafuata.

Mmesalimiana. Katikati ya mkeka kuna kitu kimefunikwa kwa kanga. Mpe mtoto mmoja aingize mkono chini ya kanga bila kuchungulia na aseme anachokisikia kwenye vidole. "Kina manyoya." Mwingine: "Kigumu." Wa tatu: "Kina macho!" Hapo wameshajua ni nazi, na nazi inazunguka kutoka mkono hadi mkono.

Walimu wengi huuliza hapa, "Hii ni nini?" Watoto wanajibu kwa pamoja "Naziiii", mwalimu anasema "vizuri, mpigieni makofi", na mazungumzo yamekufa. Swali lenye jibu moja ambalo kila mtu analijua halimfanyi mtoto afikiri. Katika darasa moja nililokaa pembeni, mwalimu aliitikisa nazi karibu na sikio la mtoto, maji yakasikika ndani, kisha akauliza, "Haya maji yameingiaje humu?" Akanyamaza. Mtoto mmoja akaigeuzageuza nazi, akasema, "Hakuna tundu." Mwingine akasema, "Yaliingia ilipokuwa ndogo." Wa tatu, aliyekuwa hajasema lolote tangu mwanzo, akasema, "Mnazi unakunywa mvua." Wakaanza kubishana wao kwa wao kama mnazi una mdomo, na mwalimu akawaacha wabishane. Alikuwa ameandika swali hilo moja kwenye daftari lake, na halikuhitaji jingine.

Kunyamaza kwake ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipopima madarasa katika miaka ya 1960 na 1970 aligundua kuwa mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulirudia, kulibadilisha au kumwita mwingine. Walimu walipozoea kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, huku ukitabasamu. Sekunde tatu zitaonekana ndefu mno mwanzoni. Mtoto anazihitaji ili atafute neno, hasa yule ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili.

Na tupunguze majibu ya pamoja. "Tumeelewana?" "Ndiyooo." "Sawa sawa?" "Sawaaa." Sote tumelelewa na mtindo huu na una raha yake katika wimbo na vitendawili, ambako "tega" la darasa zima linaamsha hata aliyelala. Kwenye mazungumzo unamficha asiyeelewa. Wanaojua wanapaza sauti, wasiojua wanafuata mdomo, na wewe unaondoka ukidhani somo limeeleweka.

Mtoto asiyesema

Katika nyumba nyingi mtoto hufundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa na kutomkodolea mtu mzima macho. Mtoto huyo anapokaa kimya kwenye duara anaonyesha adabu aliyopewa kwao. Usimsimamishe na kumwambia "sema kwa sauti". Mpe kwanza kitu cha kushika, kisha mpe kazi ya kumpelekea mwenzake, kisha swali la kujibu kwa kidole: nazi ipi kubwa? Maneno yatakuja. Weka pia kanuni kwamba yeyote anaweza kusema "napita", na ukimaliza mzunguko umrudie kwa upole mara moja tu.

Salamu ni nafasi nzuri ya kumfungulia mtoto wa aina hii mlango. Kama una mtoto wa Kisukuma, darasa zima lisalimie "mwangaluka" asubuhi moja. Siku nyingine "kamwene" kwa ajili ya mtoto wa Kihehe. Muulize mzazi wake matamshi sahihi wakati wa kumleta mtoto. Mtoto aliyesikia wenzake wote wakijaribu salamu ya nyumbani kwao, na akawarekebisha, amekuwa mwalimu wao kwa dakika moja.

Mtoto asiyesikia vizuri mweke mbele yako, ng'ambo ya duara, penye mwanga unaoangaza uso wako. Usimweke ubavuni, kwa sababu atakosa kuiona midomo yako. Asiyeweza kukaa chini apewe kiti, na wenzake wawili watatu wakae kwenye viti pamoja naye. Yule anayeshindwa kutulia na huinuka kila mara, mwekee mahali pa kusimama pembeni ya mkeka, akae humo au asimame humo bila kukaripiwa. Wengi wa watoto hao husikia kila neno.

Kalenda

Kuna desturi iliyoingia katika madarasa mengi: leo ni siku gani, jana ilikuwa siku gani, kesho itakuwa siku gani, mwezi gani, mwaka gani. Inachukua dakika tano kila siku na mimi ningeiondoa. Mwaka 2008 Sallie Beneke, Michaelene Ostrosky na Lilian Katz waliandika nchini Marekani kuhusu kipindi hiki cha kalenda, wakieleza kuwa watoto wa umri huu hawajaweza kuushika muda wa majuma na miezi kwa namna hiyo, na kwamba dakika hizo zingetumika vizuri zaidi kwa kazi nyingine. Nami ninaona hivyo hivyo. Watoto huimba majina ya siku vizuri kabisa, halafu ukimuuliza mmoja kama tulipanda maharage jana au juzi, hajui.

Weka badala yake kamba ukutani na vibanio vya nguo. Kila siku mtoto mmoja anachora jambo lililotokea, na mchoro unabanwa kwenye kamba: siku tuliyopanda maharage, siku mvua ilipotuzuia kutoka, siku mwenzetu alipopata mdogo wake. Ijumaa mnatembea kandokando ya kamba na kusimulia wiki. Hapo "jana" ina picha yake.

Hali ya hewa nayo. Katika miezi ya kiangazi jibu la kila siku ni "leo kuna jua", na watoto hawana sababu ya kutazama juu. Kama uko pwani, funga kipande cha kitambaa kwenye mti na uwaulize kinapepea kuelekea wapi. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi ikishika kuanzia Aprili, na siku kitambaa kitakapogeuka upande, darasa lililokuwa likikitazama litaliona. Baba wa baadhi yao wanaendesha vyombo kwa upepo huo. Watarudi na maswali nyumbani.

Hadithi ya mtoto mwenyewe

Kama ungeniruhusu nikuombe jambo moja tu, lingekuwa hili. Vivian Paley, aliyefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi huko Chicago, alikuwa akiandika hadithi ambayo mtoto anamsimulia, neno kwa neno, halafu siku hiyo hiyo darasa likikaa duara, hadithi inasomwa na watoto wanaiigiza. Haihitaji zaidi ya daftari na kalamu.

Wakati wa michezo ya kona, keti na mtoto mmoja. Atasema labda: "Paka alikula dagaa. Bibi akamfukuza. Akapanda juu ya mti." Andika hivyo hivyo, usimtengenezee. Kwenye duara, waanze kwa "paukwa" na "pakawa" yao, kisha mwenye hadithi achague anataka kuwa nani. Majukumu mengine yafuate mpangilio wa ukaaji: wa kwanza kulia kwake awe bibi, anayefuata awe mti. Kwa njia hiyo hakuna anayeachwa kwa kuwa si rafiki wa mtu. Soma polepole, nao watende katikati ya duara. Inachukua dakika tatu. Mtoto anaona kuwa maneno yake yaliandikwa, na yaliposomwa yaliwatembeza watu. Siku ya pili utakuta watoto kadhaa wanakusubiri na daftari.

Michezo ya mwili usiichukulie kama mapumziko. Ule wa "nyama", ambapo kiongozi anataja vitu haraka haraka na watoto wanaruka kwa kinacholiwa na kutulia kwa kisicholiwa, unamfundisha mtoto kujizuia wakati mwili wake umeshaanza kuruka. Kujizuia huko ndiko atakakokutumia kusubiri zamu. Chagua ng'ombe, mbuzi, kuku na samaki dhidi ya kiti, jiwe na ndoo, ili mchezo usigeuke ubishi wa nyumba gani inakula nini.

Habari za nyumbani

Ukifungua nafasi ya habari, ufungue ukijua zitakuja habari za kila aina. Siku moja mtoto atasema mbele ya wote kwamba baba alimpiga mama, au kwamba mjomba humfanyia jambo asilolipenda. Usimkatize kwa ukali, usimuulize zaidi mbele ya wenzake, na usiwaache wacheke. Mwambie kwa sauti ya kawaida, "Asante kwa kutuambia, mwanangu. Tutaongea mimi na wewe baadaye," kisha endelea na anayefuata. Duara likiisha, kaa naye mahali panapoonekana na watu lakini maneno yasisikike. Msikilize bila kumlisha maneno na bila kumwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu itakubidi umwambie. Andika alivyosema, mweleze mwalimu mkuu au mwalimu wa malezi, na ofisi ya ustawi wa jamii ihusishwe. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa Tanzania na Kenya. Usimwite mzazi anayetajwa ili "kumaliza mambo" kabla hujapata ushauri. Mtoto ndiye atakayerudi naye nyumbani.

Epuka pia maswali yanayofichua umaskini. "Nani amekunywa chai leo?" "Nani alipata nguo za sikukuu?" Uliza ambayo kila mtoto anaweza kuyajibu: ulipokuwa njiani umeona mnyama gani, ni sauti gani iliyokuamsha.

Karatasi ya mpango

Mpango wa duara moja unaenea kwenye nusu ukurasa. Ijumaa mchana, kabla ya kuondoka, andika ya wiki nzima. Mfano wa Jumanne: Kitu: nazi mbili, moja kavu na moja dafu, chini ya kanga. Swali: maji yameingiaje? Jirani kwa jirani: dafu na nazi vinatofautiana nini? Mwili: kupanda mnazi kwa mikono, kushuka polepole. Watoto watano wa leo, majina. Kuondoka: kwa sauti ya kwanza ya jina.

Mstari wa majina usiuruke. Bila huo, watoto wale wale wanne wanaonyoosha mikono juu ndio watakaoongea hadi Novemba. Weka orodha ya darasa mwishoni mwa daftari na utie alama kila mtoto anapokuwa amesema jambo mbele ya wengine. Ukiitazama baada ya wiki mbili utaona nani hana alama hata moja, na pengine ni jina ambalo hata hukulifikiria.

Mstari wa kuondoka nao una kazi. Ukisema "haya, nendeni", watoto 60 wataukimbilia mlango na wawili wataumia. Waondoe kidogo kidogo: "Aende mwenye jina linaloanza kama maji." Mwanahamisi ananyanyuka, Musa ananyanyuka, na Amina anasita akijitamkia jina lake taratibu. Hiyo ni kazi ya sauti za herufi, na umeipata bila kuongeza kipindi.

Wiki za kwanza za mwaka, punguza kila kitu. Wimbo wa kuita, majina, mchezo mmoja, basi, kwa dakika tano. Nazi na mabishano yasubiri hadi watoto wazoee kukaa, kusikia majina yao na kuamini kuwa zamu itawafikia.

Mwalimu mkuu au mthibiti ubora akipita na kuona watoto wanaruka na kubishana, anaweza kuuliza kwa nini hawaandiki. Mwonyeshe daftari: swali la siku, majina ya waliosema, hadithi walizosimulia kwa maneno yao wenyewe na tarehe zake. Mfungulie hadithi ya mtoto mmoja ya Februari na ya mtoto huyo huyo ya Julai. Ya Februari itakuwa na sentensi mbili. Mwachie asome ya Julai mwenyewe.